Meneja na Mbuzi wa Mama Mkwe

Ijumaa, 7 Machi 2025. Lodwar.

Habari mbaya kutoka Lokiriama. Mbweha wamekula kitoto cha sita cha mbuzi wa mama mkwe tangu Januari. Mbwa wake wa siku nyingi aliumwa na nyoka akafa, na sasa boma halina wa kubweka. Wanachukuliwa mmoja mmoja, mchana kweupe! Mama ana miaka sabini na kitu na mbuzi hao ndio maisha yake. Ametuma neno: mambo yakiendelea hivi hadi mvua, atauza waliobaki ahamie kwetu mjini.

Nampenda mama mkwe. Lakini nyumba yetu ina vyumba viwili na mlango mmoja, na kwetu mkwe hapiti ovyo mbele ya mama mkwe. Nitapita wapi? Dirishani? Na zaidi ya hilo, mwanamke aliyezoea mbuzi arobaini atafanya nini Lodwar? Atahesabu pikipiki?

Epuyo amejitokeza kwanza, kama kawaida yake. Epuyo ni mwanyumba wangu, kaoa dada wa mke wangu Atiir. Ana meno yote na kila jema hulifanya kimya kimya, tabia inayonikera sana. Ati ataleta waya wa kuzibia zizi.

Waya! Waya haubweki. Nikajisikia nikimwambia Atiir kwamba mimi nitampelekea mama mbwa aliyesomea, niliyemfundisha mwenyewe kwa mikono yangu hii. Atiir akauliza mbwa gani. Nikasema yupo. Akauliza yupo wapi. Nikasema yuko kwenye mafunzo. Akaguna, akarudi kwenye maharagwe yake.

Familia yote inakutana kwa mama Jumamosi ijayo. Nina siku nane. Sina mbwa.

Jumamosi, 8 Machi. Kakuma.

Nimempata! Gari la ofisi lilikuwa likipeleka pampu Kakuma, nikajikuta ndani yake. (Mimi ni karani wa stoo, ofisi ya maji. Pampu haiwezi kusafiri peke yake.)

Mwenye mbwa ni Didace, Mrundi, mlinda lango wa ofisi za shirika moja la wageni, zilizofungwa mwezi jana. Miaka minne amesimama langoni na huyu mbwa. Sasa lango limefungwa na wote wawili wanashinda nyumbani wakitazamana. Mbwa ni mkubwa, wa kahawia, masikio yamesimama kama bahasha mbili. Jina lake Meneja.

Nilikwenda nimevaa kikazi: shati, suruali ya kijivu, beji ya ofisi shingoni. Meneja alinitazama usoni mara moja, kifuani mara mbili, akakaa chini taratibu. Nikajua hapohapo. Kuna watu wamezaliwa na mamlaka, na mnyama huiona.

Didace hakutaka malipo. Alitaka ahadi mbili: Meneja asifungwe kamba siku nzima, na apewe kazi, maana mbwa asiye na kazi huzeeka haraka kama mtu. Niliahidi. Kisha akanishika mkono, akasema: "Muzee, ngoja nikuelezeshe. Huyu imbwa iko na sharti moja tu."

Nikamwambia asijisumbue. Mimi ni Mturkana, mbwa walinichunga nikitambaa kabla yeye hajazaliwa. Akafungua mdomo tena. Mkewe Félicité akamwambia amwache muzee, muzee anajua.

Nilifurahi sana kusikia hivyo. Sasa naandika na ninaanza kuona kwamba alikuwa akicheka.

Jumatatu, 10 Machi. Lodwar.

Tulifika jana usiku. Somo la kwanza, saa moja asubuhi, nimeshavaa tayari kwa kazi. Amri ya kukaa aliyoniachia Didace ni ya Kifaransa na mimi naitamka ninavyoweza: Asii! Meneja akakaa. Nikamwita, akaja. Nikamwambia abaki, akabaki! Majirani walijaa nje ya uzio. Nikatoa hotuba fupi kuhusu msimamo wa mwalimu. Nilisema mbwa husoma moyo wa mtu. Mtu mmoja alipiga makofi.

Saa kumi na moja jioni. Nimerudi, nimeoga, nimejifunga shuka, nimechukua ugali wa mwanafunzi wangu. Mwanafunzi hakuutaka ugali. Alisimama kati yangu na mlango wa nyumba yangu mwenyewe, akanionyesha meno moja baada ya jingine, bila haraka. Nikasema Asii. Akasogea hatua moja mbele. Nikaketi mimi.

Nimekaa juu ya mtungi wa maji hadi Atiir aliporudi kutoka zahanati anakofanya kazi. Yeye alipita tu. Meneja akampisha, mkia ukicheza. Atiir akaniuliza nafanya nini pale juu. Nikasema napunga upepo. Hakukuwa na upepo.

Jumanne, 11 Machi.

Leo amenifundisha kukaa. Mara tatu.

Jumatano, 12 Machi.

Nimejaribu kila mbinu. Nyama: aliila, kisha akanirudisha mtungini. Sauti nzito: nilipata kikohozi. Kwenye simu niliona mtaalamu mmoja anashauri mwalimu ajishushe alingane na mbwa, basi nikashuka kwa mikono na magoti katikati ya ua. Hapo ndipo katekista alipofika kutusalimu.

Hakuwahi kunisalimu. Meneja alimpandisha juu ya tangi la maji, na vitabu vyake vya katekisimu vikabaki mavumbini. Mimi bado niko kwa miguu minne, ninasema ejok, ejok, salama, salama, kana kwamba hakuna jambo.

Na kuna ajabu nyingine. Saa moja baadaye aliingia mwanamume nisiyemjua kabisa, muuza dawa ya panya inayotibu pia mgongo. Ana begi, ana beji ya rangi tatu, ana maneno. Meneja akampisha kama mgeni wa heshima! Alikunywa chai yangu. Alipoondoka, Meneja alimsindikiza hadi njiani.

Nimekwenda kumwomba radhi katekista. Amesema amenisamehe, lakini kuanzia leo atatuombea akiwa barabarani.

Siku tatu zimebaki. Atiir amesema tumwambie mama ukweli. Nimemwambia mafunzo yoyote yana vikwazo. Ameuliza nani hasa anafunzwa.

Alhamisi, 13 Machi.

Atiir ameligundua. Imemchukua dakika nne, akiwa na viatu vya kazini bado miguuni.

Alisimama mbele ya Meneja na beji yake ya zahanati shingoni. Mkia ukacheza. Akaivua akaitia mfukoni. Ngurumo. Akaivaa. Mkia. Kisha, kwa sababu mke wangu ana ukatili fulani, akamkamata kuku wetu mwekundu na kumvisha beji. Meneja akasogea kando. Kuku akapita katikati ya ua akidonoa huku na huku kama mkaguzi kutoka Nairobi. Mimi, mwenye nyumba, nilikuwa juu ya mtungi.

Kumbe ndiyo hivyo. Mamlaka niliyozaliwa nayo imening'inia kwenye utepe.

Nilimpigia Didace. Akasema ndilo lile sharti alilotaka kunieleza. Langoni kulikuwa na sheria moja: mwenye beji apite, asiye nayo asipite, hata awe nani. Miaka minne Meneja amesoma sheria hiyo hadi imekuwa damu. Akasema inaweza kufutika. Nianze upya, polepole, nitembee naye kila siku bila kumwamuru, nimpe maziwa kwa mkono, wiki mbili tatu hivi. Na wale wa Lokiriama niwaambie ukweli, wangoje. Watu wa mbuzi wanajua kungoja, akasema.

Nilimshukuru sana. Ni ushauri mzuri. Ila nina wazo bora zaidi.

Ijumaa, 14 Machi.

Wazo: badala ya kumbadilisha mbwa mmoja, nibadilishe ukoo mzima.

Kwenye droo ya stoo kuna beji zilizobaki kutoka semina ya utunzaji wa mabomba. Kila moja ina utepe wa buluu na neno MSHIRIKI. Zilikuwa za kutupwa. Nimejiambia mara tatu kwamba zilikuwa za kutupwa. Nimechukua kumi na tisa.

Kila mtu wa boma atavaa yake. Mbweha hatakuwa nayo. Nimelipitia wazo hili kutoka pande zote na sioni tundu.

Atiir alinipigia pasi suruali ya kijivu, akaniangalia jinsi anavyowaangalia wagonjwa.

Jumamosi, 15 Machi. Lokiriama.

Naandika nikiwa nimejifunga shuka ya Epuyo. Nitaeleza.

Tulifika saa nne. Niligawa beji. Watu walizipokea kwa adabu. Epuyo alivaa yake, akauliza kwa upole ni mshiriki wa nini. Nikasema wa familia. Jibu zuri, hata sasa nalisimamia. Kisha nikasimama mbele yao na kusema uongo wangu wote: miezi miwili ya mafunzo, alfajiri kwa alfajiri, mimi na huyu mnyama. Nilisema hata amri ni za Kifaransa. Mzee mmoja alitikisa kichwa kwa heshima.

Ndipo mama akatoka kwenye kibanda chake.

Sikuwa nimefikiria shanga. Mimi nimezizoea, nimeziona maisha yangu yote. Mama amevaa shanga kutoka mabegani hadi chini ya kidevu, pete juu ya pete, nyekundu, nyeusi, za njano, hata kichwa hakiinami. Meneja alimtazama shingoni. Amewapisha wakubwa wengi langoni kwake, lakini huyu! Alilala chini kifudifudi, masikio yote mawili yakaanguka. Mama akapiga ulimi mara moja, akammiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu. Boma zima likashangaa. Atiir alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile hakuguna.

Ningekufa saa hiyo ningekufa vizuri.

Saa saba mbuzi wakarudi kunyonyesha. Vitoto vilikuwa zizini vinalia. Meneja akainuka. Akaenda kusimama kwenye mlango wa zizi. Lango, hatimaye! Mbuzi wa kwanza ana kengele shingoni, akapita. Wa pili hana. Meneja akamrudisha. Wa tatu akarudishwa. Mbuzi wengine wote wakabaki juani, maziwa yanawadondoka, vitoto ndani vinapiga kelele, mwenye kengele peke yake ndani anatafuna kama amepewa ofisi.

Watu walicheka kwanza. Kisha wakaacha kucheka, maana kitoto cha mbuzi kisiponyonya mchana wa Machi si mchezo. Wote wakanigeukia mimi, mwalimu.

Nikaenda. Nikainama mbele ya Meneja, nikasema Asii kwa sauti ya semina. Nilihisi kitu kinanivuta shingoni kutoka nyuma. Nilipogeuka, beberu wa mama alikuwa ameikata beji yangu ya ofisi na kuanza kuila. Utepe wake ulikuwa ukining'inia mdomoni mwake. Akapita kando yangu kuelekea zizini. Meneja akampisha beberu.

Kisha akanitazama kifuani. Mara moja tu.

Mtu asikimbie. Kila Mturkana anajua hilo. Nilikimbia.

Suruali ile sitaieleza. Nitasema tu kwamba boma halina ukuta, jua lilikuwa la utosi, na chupi yangu ni ile aliyoninunulia binti yangu Akiru Krismasi, yenye picha za mipira. Na mama mkwe alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapo. Mama mkwe! Ambaye kwa miaka ishirini na sita sijawahi kula mbele yake!

Alipiga ulimi. Meneja akaniachia. Kisha mama akageuza uso wake kuelekea milimani na kuutuliza huko, kwa heshima yangu, hadi nifunikwe. Angecheka, ningevumilia. Wote wengine walicheka na nikavumilia. Lakini ule uso uliogeuzwa polepole, na shanga zake zote zikigeuka nao.

Epuyo alivua shuka yake akaniletea. Kimya kimya.

Jumapili, 16 Machi. Lokiriama.

Jana mama aliwaingiza mbuzi mwenyewe. Alitembea mbele yao hadi zizini, na Meneja akampisha yeye pamoja na kila aliyemfuata. Wakanyonyesha. Akawatoa, akarudia. Leo asubuhi amerudia tena mara mbili, hana haraka, hana amri, kibuyu mkononi. Mara ya tatu alibaki nyuma, mbuzi wakatangulia peke yao. Meneja alimtazama. Akawaacha wapite.

Mchana huu Meneja ametembea nyuma ya kundi. Saa tisa mbweha alichungulia kwenye vichaka vya mkondo mkavu. Meneja alimfukuza hadi tukaona vumbi tu, akarudi amejaa miiba, akahesabu mbuzi kwa pua. Epuyo alikuwa ameshaziba upande dhaifu wa zizi kwa waya wake. Hakuna kitoto kilichopungua. Mama hahami.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilishinda nyuma ya kibanda nikijificha, na haikuwa kwa sababu ya suruali. Ni kwamba watu walikuwa bado wakimsifu mbwa, na kila aliyemsifu alikuja kunipongeza. Yule mzee wa jana alinishika mkono. Akaniuliza kama Kifaransa ni kigumu.

Nilimwita Atiir. Nikamwomba ampelekee mama maneno yangu: si mimi. Ni Didace, wa Kakuma, miaka minne. Mimi nilikuwa naye siku saba na nyingi nilizitumia juu ya mtungi.

Alikwenda. Nikasikia wanaongea, kisha kicheko cha wanawake. Atiir aliporudi alikaa karibu nami, jambo alilokuwa hajalifanya tangu tufike.

Akasema: "Baba Akiru, mama alijua tangu ulipoanza hotuba. Ameuliza, nani humfundisha mbwa kwa hotuba?"

Akasema kuna neno jingine. Mama anasema tangu nimwoe binti yake nakuja na mzigo na kuondoka na maneno, na katikati sijawahi kukaa. Hakuhitaji mbwa kutoka kwangu. Mbwa ni mzuri, atamlea. Lakini mara nyingine nije mikono mitupu, nikae chini ya mti wa wanaume siku mbili tatu, asikie tu sauti yangu ikiongea na watoto wake. Mikono mitupu, amelirudia hilo.

Vumbi la Lokiriama ni baya sana kwa macho.

Nimempigia Didace kumweleza yote, hata beberu. Aliuliza jambo moja tu: Meneja amepata kazi? Nikasema amepata, na wa kusimamia ni arobaini. Nikamsikia akimgeukia Félicité kumwambia, kisha akamwambia tena.

Jumanne, 18 Machi. Lodwar.

Nimerudisha beji stoo. Kumi na nane. Moja ya semina ameondoka nayo yule mzee wa Kifaransa, amekataa kuivua. Yangu ya ofisi iko ndani ya beberu. Bosi ameniuliza iliko. Nikasema inashughulikiwa. Kwa namna fulani, ndiyo.

Nimetafakari sana. Nimeaibika vya kutosha mwaka huu na bado ni Machi. Nilimwambia Atiir asubuhi, kwa kiapo, kwamba nitakwenda Lokiriama baada ya Pasaka na nitafanya alivyosema mama. Nitakaa. Nitanyamaza. Atiir alinitengea chai yenye maziwa.

Saa sita Epuyo katuma ujumbe. Kwa upole, kama kawaida. Ati baada ya Pasaka atampelekea mama punda aliyezoea kwenda kisimani na kurudi na maji bila kuongozwa na mtu.

Punda!

Saa tisa nikawa nimeshaongea na mtu wa Kalobeyei. Ana ngamia jike, mpole, anayepiga magoti mwenyewe akiona mtungi. Ngamia anabeba mara tatu ya punda, na ana maziwa juu yake. Ningekuwa mkwe wa namna gani kulijua hilo na kunyamaza?

Lakini mama amesema mikono mitupu, na mimi neno la mama silivunji. Nimelifikiria mchana kutwa. Ngamia si mzigo, ngamia hutembea kwa miguu yake mwenyewe. Mikononi nitakuwa na kamba tu.

Nimeshainunua. Ni nyembamba. Mtu akiwa mbali kidogo haioni.